Simba wa Hariri: Maneno Mawili kwa Anayeanza Kazi ya Stoo ya Makumbusho

Ukiletewa mchoro wa hariri wa shishi, yule simba mlinzi wa Kijapani mwenye manyoya ya kujisokota na macho ya kutokeza, mwache kwanza simba. Tazama kitambaa. Wageni wa kazi hii hukimbilia kujaza kadi kuwa mnyama ni nani, na huku rangi inapukutika mbele ya macho yao.

Hariri haipokei rangi hivihivi. Mchoraji huipaka kwanza maji ya gundi ya wanyama yenye shabu, hiyohiyo ya vinyozi, ili wino usitambae. Rangi nyingi ni mawe yaliyosagwa, nyeupe hutokana na maganda ya chaza, na kinachozishikilia ni gundi tu. Ukiona vumbi la rangi kwenye mkunjo, simama hapo hapo, umwite mwenye uzoefu. Kidole kisiguse.

Halafu kuna upande wa nyuma, ambao wengi hawaufikirii kabisa. Hariri hupenyeza mwanga, kwa hiyo wachoraji wa zamani walipaka rangi nyuma pia, ijitokeze kwa upole mbele. Itō Jakuchū wa Kyoto (1716–1800) aliuweza sana mchezo huu. Katika mchoro wake wa hōō mweupe, ndege wa hadithi, manyoya yanawaka kama dhahabu. Ulipofanyiwa ukarabati ikaonekana hakuna dhahabu pale, ni udongo wa njano nyuma na weupe wa chaza mbele. Kwa hiyo usiandike “dhahabu” kwa kuamini macho. Andika “rangi ya dhahabu”, vipimo vitasema.

Sasa mrudie mnyama. Walinzi wa hekaluni huenda wawili: mmoja kinywa wazi, mwingine amefumba. Wa kufumba akiwa na pembe, huyo ni komainu. Ukipata mmoja tu wa aina hiyo, ulizia mwenzake. Lakini shishi aliyechorwa katikati ya maua ya peoni anaweza kuwa peke yake tangu mwanzo, usimtafutie pacha.

Mwanga usizidi lux 50. Wakati wa kuviringisha, kama hariri ina mistari ya kuvunjika, omba futomaki, mti mnene wa kuvalisha juu ya ule mwembamba ambao mchoro huviringishwa, mkunjo uwe mpana. Weka kipande cha karatasi chini ya kamba, funga bila kukaza.