Ni Umar yupi aliyezima taa ya serikali?
Sio Umar bin Khattab huyo ndugu yangu. Aliyezima taa ya baitulmali, yaani hazina ya umma, mgeni alipoanza kumuuliza habari za nyumbani kwake, akawasha yake mwenyewe, ni Umar bin Abdulaziz, khalifa wa Bani Umayya aliyetawala 717 hadi 720. Watu huwachanganya sana kwa vile majina ni mamoja na damu pia, mamake huyu alikuwa mjukuu wa Umar bin Khattab. Yule wa kwanza ndo wa gunia la unga, alilibeba mwenyewe mgongoni usiku akampelekea mama aliyekuwa akichemsha maji kuwapumbaza wanawe wanaolia njaa, khalifa mzima hebu fikiria!

Ya taa niliisikia darsani hapa Lamu, Langoni, stima zimepotea usiku ule na ustadhi yuatusomea kwa chemni, akaushusha utambi kidogo ndo tuone mfano, akatwambia mafuta ya umma ni ya kazi ya umma tu. Haijanitoka mpaka leo. Ila riwaya zatofautiana kidogo, wako wanaosema ulikuwa mshumaa.