Ukifiwa na Rafiki wa Utotoni kwa Mafuriko

Kwenye misiba ya huku kwetu uswahilini kuna daftari la rambirambi. Unatoa ulichojaliwa, anayeandika anakuuliza, "Wewe nani kwa marehemu?" Desemba 2011, Mto Msimbazi ulipofurika na kumchukua rafiki yangu, mimi niliandikwa kwenye ukurasa wa majirani. Kwetu tulishahama Magomeni kitambo, kwa hiyo hata ujirani wenyewe haukuwepo. Tulikuwa madrasa moja, darasa moja, chandimu moja pale viwanja vya Jangwani, lakini hayo hayana ukurasa wake.

Kazini nako ni hivyo hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 4 zenye malipo ukifiwa na mwenza, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Rafiki hayumo. Usimwambie bosi kwamba kafa kaka yako (kuna wenzetu wameshazika kaka wengi kuliko waliozaliwa nao). Omba siku kwenye likizo yako ya mwaka, sema wazi umefiwa na rafiki uliyekua naye. Akikunyima, omba ruhusa ya mchana mmoja tu, lakini mazikoni ufike. Aliyekufa kwa maji mara nyingi anapatikana baada ya siku kadhaa, na siku hizo moyo unakuwa umeshajijengea visa: labda kashika mti, labda kaokolewa upande wa pili. Mimi visa hivyo viliisha nilipoingia kwenye foleni ya kutia udongo kaburini, nikatia kwa mikono yangu.

Kuna jambo moja lililonichoma kuliko msiba wenyewe, nalo ni ile kauli ya "si waliambiwa wahame?" Utaisikia kwenye daladala, redioni, hadi chini ya turubai la msiba, mtu kashika kikombe cha kahawa cha wafiwa. Mvua ile ilikuwa ya aina yake, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema Dar haikuwahi kupata kama hiyo tangu 1954, na watu zaidi ya 40 walikufa. Ni kweli serikali ilikuwa imewaonya watu wa mabondeni miaka nenda rudi. Ni kweli pia kwamba chumba cha bondeni ndicho alichokimudu mtu anayeshinda Kariakoo akibeba mizigo, na kutoka pale alikwenda kazini kwa miguu, nauli ikageuka unga. Halafu Msimbazi hauanzii Jangwani. Unatoka huko vilima vya Pugu, unakatiza mjini ukibeba maji ya mapaa na lami zetu sisi tunaokaa juu, ndio unamfikia wa bondeni. Waliopoteza nyumba walipewa viwanja Mabwepande. Nenda Mabwepande asubuhi moja, kisha jaribu kuwahi Kariakoo, utaelewa kwa nini wapo waliorudi.

Lakini hotuba hiyo usiitoe msibani. Jibu langu lilikuwa moja tu, "Tumzike kwanza, ndugu yangu," na wengi walinyamaza. Wasiponyamaza, hama kiti.

Jiandae pia kwamba lawama hiyo hiyo itakuingia wewe mwenyewe. Usiku utamkasirikia marehemu: kwa nini hukutoka, ulirudi ndani kufuata nini? Usijione huna utu. Tafuta mtu mmoja umwambie, na awe aliyemjua. Asiyemjua atadaka hiyo hasira yako na kuanza tena, "Si ndio tunasema…"

Kwa sisi wa Dar kuna na hili la njia. Barabara ya Morogoro inakatiza pale pale Jangwani, na mvua ikizidi inafungwa. Abiria wanasonya kwa kuchelewa, wewe koo limekukaba. Sasa hata nyumba zimebomolewa kupisha mradi wa bonde la Msimbazi, ukitafuta kwa macho mlango wake ulipokuwa huupati. Ukiweza, pita njia nyingine kwa muda, hakuna anayekupa cheti kwa kujikaza. Nyumbani nako waambie. Mke wangu anajua tahadhari ya mvua kubwa ikitangazwa mimi nakuwa mkali bila sababu, basi usiku huo ananiacha nikae sebuleni. Na zile video za watu wanaosombwa zinazozunguka kwenye magrupu, usizifungue, usizitume.

Kwa mama yake sasa. Ile "mama, ukihitaji chochote nipigie" haina faida, hatapiga. Angalia mwenyewe kilichopungua. Mafuriko ya Desemba yanaiachia familia Januari isiyo na sare wala madaftari, wakati shule zinafunguliwa. Mpeleke mtoto wa marehemu akapimwe sare, nunua na viatu.

Kisha rudi baada ya arobaini, turubai likishakunjwa na jamaa wa mikoani wakishaondoka. Nenda peke yako, Jumapili mchana, na sukari yako mkononi. Mama yake anamjua mwanawe kwa upande wa nyumbani, upande wa mitaani unao wewe. Mimi nilimsimulia siku rafiki yangu alipocheza mpira na kanzu mpya ya Idi, ikachanika hadi kiunoni, akairudisha kimya kimya kwenye sanduku na kuikunja chini ya nguo za mdogo wake. Mama alinitazama, akaacha kuchambua mchele.

"Kumbe ni yeye?"

"Ni yeye, mama. Mimi nilikuwa golikipa."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga, kisha akapaza sauti uani amwite yule mdogo, ambaye sasa ana ndevu, aje asikie kwamba alichapwa bure.