Uliza Bustani: Dar nyanya zinapandwa lini hasa?

Safari hii maswali yote nimeyachagua ya Dar es Salaam, maana ndo yaliyojaa, na mengi ukiyachunguza ni swali lilelile limevaa nguo tofauti.

Shikamoo mtaalamu. Mi nimehamia Goba natokea Mbeya, kwetu mvua zikianza Novemba kila mtu anaingia shambani, basi na huku nikafanya hivohivo nikahamisha miche ya nyanya Novemba. Imekua mpaka inanifika kifuani, maua kibao, ila Januari yote maua yanadondoka tu, nilichovuna hakijazi hata bakuli. Muuza duka la pembejeo anasema nipige dawa ya kushikisha maua, ipi nzuri? Mama Wawili, Goba

Marahaba mama Wawili, hiyo hela irudishe kwanza kwenye pochi. Nyanya zako haziumwi, zimeshindwa na usiku wa Januari. Nyanya inashika matunda vizuri usiku ukiwa na kaubaridi, joto la usiku likipita nyuzi 21 au 22 hivi chavua inaanza kuharibika na ua linadondoka, hata umwage samadi lori zima. Sasa Dar Januari na Februari mchana ni nyuzi 31, 32, na usiku unacheza kwenye 25, we mwenyewe unalala feni inazunguka. Mbeya mko juu huko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, mna msimu mmoja mrefu wa mvua, Novemba mpaka Aprili au Mei, na ubaridi upo. Huku misimu ni miwili, vuli Oktoba mpaka Desemba na masika Machi mpaka Mei, na ubaridi wenyewe unakuja pale mvua inapoondoka. Hapo ndo wengi wanapigwa chenga, wakiona wingu tu wanakimbilia jembe.

Nyanya ya Dar ni ya kipupwe. Sia kitaluni mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, tena kitalu ukiezeke mvua isikipige, miche ikifika wiki nne ihamishe, hapo ni mwisho wa Mei kuingia Juni na upepo wa kusi umeshaanza kuvuma. Maua yanakuja Julai, usiku uko nyuzi 18 au 19, na Agosti unachuma. Ukiwahi ukahamisha Machi, Aprili inakukuta na ndo mwezi wenye mvua kubwa kuliko yote hapa, majani hayakauki, bakajani, ule ugonjwa wa ukungu unaobabua majani, inaingia na ndani ya wiki shamba limeungua. Kumwagilia utamwagilia, hilo halikwepeki, na kagua majani mapema maana ukavu nao unaleta kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya. Mbegu kama udongo wako ni wa kichanga tafuta Tengeru 97, inavumilia minyoo fundo, vile vijinyoo vya udongoni vinavyovimbisha mizizi, na kwenye mchanga wa Dar hivyo si vya kuuliza. Hizo zilizosimama ng'oa, weka bamia, joto hilohilo linaloua nyanya bamia analishangilia.

Mambo vp, mi mpangaji Sinza, nina viroba kumi vya mchicha na chainizi kwenye kibaraza. Kiangazi viko poa, masika yakianza tu mchicha unalala chini miche inaoza shingo. Dawa gani? Mpangaji

Poa. Sio dawa kaka, ni maji yamekaa. Toboa viroba pembeni na chini, viinue juu ya matofali, na punguza miche, ukisia imebanana hewa haipiti na huo uozo wa shingo unapenda hivo. Mbegu isia kwenye kiroba kilicho chini ya bati kwanza, ikishakomaa kidogo ndo itoke nje. Ila ushauri wangu wa kweli, Aprili nzima nusu ya viroba weka matembele, hayo mvua ndo chakula chake, unakata leo yanachipua tena. Mchicha urudi Mei mwishoni, na kwa vile unachukua wiki tatu nne tu kuvunwa huna ulichopoteza. Na kama unauza, masika usiache kabisa kulima, bustani za mabondeni zikishajaa maji mboga ya majani inapanda bei, fungu linakua dogo mpaka unamuonea huruma muuzaji.

Kigamboni maji yetu ya kisima yana chumvi, nikimwagilia maharage majani yanaungua pembeni. Niache bustani? Baba Tatu

Usiache, badilisha unachopanda. Maharage na karoti ni wadhaifu sana kwa chumvi, spinachi inavumilia. Panga hivi: maharage ya kula majani au mbichi yaende na mvua ya masika au vuli yanywe maji ya mbinguni, kipupwe ukibaki na kisima peke yake weka spinachi. Mwagilia chini kwenye shina, usimwage juu ya majani, na usimwagilie kidogokidogo kila saa, maana chumvi inabaki juu inajikusanya. Mara mojamoja mwaga maji mengi iteremke chini. Masika yenyewe yanakusafishia udongo bure kila mwaka, na ukiweza kinga maji ya paa weka kwenye simtank kwa ajili ya kitalu, miche midogo haina ubavu na chumvi.

TMA, wale wa hali ya hewa, wakisema vuli itakua chini ya wastani, je nisipande kabisa? Au hawa watu wanabahatisha? Mdau wa Mbagala

Hawabahatishi, ila wewe unasikia wanachosema kwa mkoa mzima na unataka kitimie vilevile kwenye kiwanja chako. Chini ya wastani maana yake jumla ya msimu, mvua moja kubwa bado inaweza kushuka siku moja ikazoa matuta. Vuli ndo msimu usioaminika, inategemea sana bahari: mwaka wa El Niño inamwagika kama ilivokua 2023, mwaka wa La Niña mara nyingi inakua haba. Kwa hiyo wakisema haba, punguza eneo na panda vinavyowahi au visivyo na makuu, mchicha, kunde za majani, bamia, na tandaza majani makavu chini unyevu ukae. Wakisema juu ya wastani chimba mifereji kwanza mbegu baadae. Na usisome utabiri wa msimu ukanyamaza, fuatilia na ule wa siku kumi, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja masika yakielekea ukingoni, wakati wengi tushaanza kuandaa matuta.

Karoti na kabichi Dar zinakubali?

Karoti Juni, udongo wa kichanga uliolegea, sia palepale usihamishe. Kabichi jaribu mwezi huohuo kama unapenda ubishi, ila ya Lushoto itakufikia sokoni kubwa na rahisi kuliko yako.