Barua kwa mwanangu aliye Roma: siku maji yalipokatika

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Picha yako ya Jumapili tumeipata, na mama yako ameshawaonyesha majirani wote. Umesimama chini ya yale matao ya mawe yaliyokuwa yakipitisha maji kwenda mjini, nawe unaonekana mdogo kama punje. Chini yake umeniuliza: "Baba, dola ya Warumi ilipoanguka, watu wa hapa walijua kwamba imeanguka? Kesho yake walifanyaje?" Nimefundisha historia miaka thelathini na mbili, na wanafunzi wangu walitaka mwaka tu. Wewe umeuliza habari za watu. Kwenye simu nilikujibu harakaharaka, roho ikanisuta. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Mwaka wenyewe ni 476. Jemadari Odoacer alimwondoa kitini Romulus Augustulus, kaisari ambaye bado alikuwa kijana mdogo. Hakumuua. Alimwonea huruma kwa umri wake, akampa posho ya kila mwaka na kumpeleka kuishi Campania, upande wa Napoli. Mavazi ya ukaisari yakafungashwa na kupelekwa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, kwa Zeno, kaisari wa upande wa mashariki wa dola, kwa hoja kwamba kaisari mmoja anatosha. Seneti ikaendelea kukutana na kodi zikaendelea kukusanywa. Kwa hiyo kesho yake mwoka mikate aliamka alfajiri akawasha tanuri lake kama jana.

Kilichokuwa kimekwisha kumbana huyo mwoka mikate ni jambo la nyuma zaidi. Mwaka 439 Wavandali, kabila la Kijerumani, waliteka Karthago, katika Tunisia ya leo. Sehemu kubwa ya ngano na kodi zilizoilisha Roma zilitoka huko Afrika Kaskazini. Bila kodi hiyo askari hawalipwi, na askari asiyelipwa humtii anayemlipa. Ukitaka kujua dola ilianza kufa lini, mimi nakuelekeza kwenye bandari hiyo kabla ya 476.

Odoacer naye aliuawa mwaka 493, karamuni Ravenna, kwa mkono wa Theodoric, mfalme wa Wagothi, kabila jingine la Kijerumani. Theodoric alianza kwa damu, lakini utawala wake uliipa Italia zaidi ya miaka thelathini ya utulivu. Barua zilizoandikwa kwa jina lake na Cassiodorus, Mrumi aliyemtumikia, tunazo hadi leo. Katika mojawapo anailalamikia Seneti kwamba kuna watu wanachepusha maji ya mifereji ya mji kuzungusha vinu na kumwagilia bustani zao. Nilipoisoma mara ya kwanza niliiweka chini, nikacheka kwa furaha. Mtu anayeitwa mshenzi vitabuni anahangaikia maji ya wananchi!

Sasa njoo kwenye matao yako. Mwaka 535 Kaisari Justinian wa Konstantinopoli aliamua kuirudisha Italia mikononi mwa Warumi. Jemadari wake Belisarius aliingia Roma, na mwaka 537 Wagothi wakamzingira humo. Wakakata mifereji yote ya maji. Si mbali na pale ulipopigia picha, mahali mifereji miwili ilipopishana, waliziba matao kwa mawe na udongo wakayageuza ngome. Belisarius naye akaziba midomo ya mifereji upande wa mjini, maana mwaka uliotangulia askari wake waliingia Napoli kwa kutambaa ndani ya mfereji kama huo.

Maji yalipokatika, vinu vya kilima cha Janiculum vilisimama. Ngano ipo, unga hakuna. Procopius, katibu wa Belisarius, alikuwemo mjini na ameandika walivyofanya. Walivuta kamba imara kutoka ukingo mmoja wa mto Tiber hadi mwingine, chini ya daraja ambapo maji yanakwenda kasi. Wakafunga mashua mbilimbili, zikiachana kama futi mbili, juu yake wakaweka mawe ya kusagia, na katikati wakatundika gurudumu linalozungushwa na mto. Wagothi walipopata habari wakatupa magogo na maiti mtoni ili kuvunja magurudumu. Belisarius akatandaza minyororo ya chuma kukinga vitu hivyo, watu wakavivuta nchi kavu, na kusaga kukaendelea. Vinu vya namna hiyo vilikaa Tiber karne nyingi baada ya hapo.

Vita hiyo haikwisha mpaka 554, na katikati yake tauni iliyozuka 541 ikapita. Totila wa Wagothi alipoiteka Roma mwaka 546, Procopius anasema alikuta raia wa kawaida wapatao mia tano tu, katika jiji lililowahi kuwa na watu karibu milioni moja. Linaniuma hili kila ninapolisoma: walioimaliza Roma ni wale waliokuja kuikomboa, wakipigana na wale waliokuwa wakiitunza. Miaka kumi na minne baada ya vita Walombardi wakaingia, wakakuta nchi imechoka.

Usidhani kila mahali kulikuwa hivyo. Uingereza majeshi yaliondoka mapema, kufikia mwaka 410, na baada ya kizazi kimoja au viwili sarafu zilikuwa hazitumiki tena, na hata gurudumu la mfinyanzi likasahauliwa. Huko watu walijua mapema.

Si mifereji yote iliyokufa. Ule uitwao Aqua Virgo, uliojengwa na Agrippa mwaka 19 kabla ya Kristo, sehemu kubwa unapita chini ya ardhi. Mapapa waliukarabati mara kwa mara, nao ndio unaolisha chemchemi ya Trevi hadi leo. Ukipita pale nipigie picha ya maji, sanamu nimeshaziona.

Mama yako anakusalimu sana, anauliza kama baridi imeanza.

Baba yako