Hospitali Ikikatwa na Kimbunga: Niliyojifunza Katika Wodi za Mwambao

Kwa muda mrefu sisi wa mwambao kati ya Tanga na Bagamoyo tuliamini kwamba kimbunga ni balaa la wenzetu wa Msumbiji na Madagaska, na imani hiyo haikuwa ya kipuuzi. Tupo karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauupi upepo msokoto wa kutosha, na ndiyo maana vimbunga vingi vya upande huu wa Bahari ya Hindi hukunja kuelekea kusini kabla ya kutufikia. Hata hivyo, vichache hufika. Aprili 1872 kimbunga kiliing'olea Unguja mikarafuu na minazi yake na kuzamisha vyombo bandarini. Mwaka 1952 kingine kilitua Lindi. Aprili 2019 Kenneth kilipita jirani kabisa na Mtwara kikaingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Aprili 2021 Jobo kilisinyaa baharini tukiwa tumekwisha kukisubiri. Na Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia.

Mimi ni muuguzi. Nimetumikia vituo vitatu vya mwambao huu, ambavyo sitavitaja, na sasa ninaishi Bagamoyo. Ninaandika kwa ajili ya waganga wafawidhi, wauguzi wafawidhi na wajumbe wa kamati za vituo vya afya, kuhusu jambo moja ambalo lilinichukua miaka kulielewa: kabla upepo haujaezua bati hata moja la hospitali, unakuwa umekwisha kuwatenganisha watu. Muuguzi wa zamu ya asubuhi anakwama ng'ambo ya mto, mama aliyebeba uji wa mgonjwa anashindwa kutoka nyumbani, gari la dawa linalala njiani, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu ambaye simu yake haipatikani. Kwa hiyo kila maandalizi niyapimayo leo huyapima kwa swali hili: tukikatwa kwa siku tatu, asiingie mtu wala asitoke, tutaishije humu ndani?

Suala la ufunguo ninalijua kwa uchungu. Usiku mmoja wa masika, miaka mingi kabla ya Hidaya, umeme ulikatika tukiwa na mtoto mchanga kwenye mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja, ambayo bila umeme haina kazi yoyote. Jenereta tulikuwa nayo, na pipa la dizeli lilikuwapo stoo, limejaa. Stoo ilikuwa imefungwa, na mtunza stoo alikuwa amekwenda msibani na ufunguo. Mlinzi alivunja kufuli kwa nyundo, dizeli ikamiminwa, na hapo ndipo tulipogundua kwamba betri ya kuwashia jenereta ilikuwa imekufa, hakuna ajuaye tangu lini. Dereva akafungua betri ya gari la wagonjwa. Dakika 40 nzima nilikuwa nikimpumulisha yule mtoto kwa mfuko wa mkono huku dada wa usafi akinimulikia kwa tochi ya simu, na kila baada ya muda mfupi akiniuliza, "Sista, bado anapumua?" Alipona. Kesho yake kikao kilizungumzia gharama ya kufuli lililovunjwa.

Baadaye nilisoma yaliyowapata wenzetu wa Marekani, nikajua kwamba ugonjwa huu hauna umaskini wala utajiri. Kimbunga Sandy kilipoipiga New York Oktoba 2012, hospitali ya Bellevue ilikuwa na jenereta salama kabisa katika ghorofa ya 13, lakini pampu za kupandishia mafuta zilikuwa chini ya jengo, na chini kulijaa maji. Wafanyakazi wakajipanga kwenye ngazi wakipokezana mafuta kwa mikono mpaka juu. Miaka saba kabla yake, katika mafuriko ya Katrina huko New Orleans, wauguzi walipumulisha wagonjwa kwa mikono kama nilivyofanya mimi, ila wao kwa saa nyingi zaidi na katika joto kali. Kwa hiyo usiulize tu kama jenereta ipo. Fuata njia yote kwa miguu, kutoka pipa la dizeli hadi soketi iliyo kando ya kitanda, na kila unapokutana na kitu kinachotegemea mtu mmoja, ufunguo mmoja au chumba kinachoingiwa na maji, kiandike. Ukitembea hivyo mara moja, utaona aibu, kama nilivyoona mimi.

Sasa nije kwa watumishi, kwa sababu hapo ndipo mipango mingi ya makaratasi huvunjika. Hospitali za Marekani zinazokaa kwenye njia ya vimbunga huwagawa wafanyakazi katika makundi mawili. Kundi la kwanza huingia hospitalini kabla upepo haujaanza, likiwa na nguo, dawa zao binafsi na chakula, nalo hulala humo humo mpaka dhoruba ipite. Kundi la pili hubaki nyumbani kujiokoa na familia zao, kisha huja kuwapokea wenzao. Kwetu, desturi ni kuendelea na ratiba ya zamu kama kawaida na kutumaini kwamba kila mtu atafika. Hafiki. Anayetoka Makurunge lazima avuke mto Ruvu, na wale niliofanya nao kazi Pangani wakitokea Bweni, ng'ambo ya mto, walisubiri pantoni, ambayo bahari ikichafuka haikuwa ikiondoka. Matokeo yake ni kwamba aliyekuwapo usiku analazimika kuendelea asubuhi, kisha mchana, na mtu ambaye hajalala kwa saa 30 ndiye anayepima dozi ya dawa ya kifafa cha mimba.

Kwa hiyo gawanya makundi mapema, lakini usiyagawe ofisini peke yako. Niliwahi kupanga orodha nzuri sana kwenye karatasi, nikamweka kundi la kwanza muuguzi hodari kuliko wote, bila kumuuliza. Siku yenyewe ilipofika alikuja, ila akili yake ilikuwa nyumbani, kwa kuwa mama yake alikuwa amepooza na nyumba yao ya makuti ilikuwa bondeni. Sikumlaumu, nilijilaumu mwenyewe. Tangu hapo huwa naanza na swali la nyumbani: nani atawatazama watoto wako, nani atafunga mabati, mzee wako atahamia kwa nani? Mwenye majibu ndiye anayelala kazini. Asiye na majibu hukaa kundi la pili bila kuonekana mtoro, na kituo kinachoweza kutoa chumba kimoja ili watoto wa watumishi wawili watatu walale humo na bibi yao kitapata wauguzi ambao kisingewapata kwa barua ya amri. Na posho ilipwe, tafadhali. Kumwambia mtu kwamba kazi hii ni wito ilhali amelala sakafuni siku tatu ni kumkejeli.

Chakula cha wagonjwa ni jambo ambalo vitabu vya wageni havitakusaidia sana. Katika vituo vyetu vingi mgonjwa huletewa chakula na ndugu zake. Asubuhi uji na chai, mchana wali au ugali, na ndugu huyo huyo ndiye anayemfulia, anayemgeuza kitandani na anayekimbilia dawa ikikosekana dirishani. Kimbunga kikizuia barabara, wodi nzima inabaki na njaa kwa wakati mmoja. Nashauri mambo mawili. Kwanza, tahadhari ikitolewa, kila mgonjwa abaki na ndugu mmoja anayelala naye, na huyo ahesabiwe kama mkazi wa kituo, kwa jina. Pili, kuwe na magunia ya unga, mchele na maharage, mafuta ya kupikia, chumvi na mkaa mkavu, pamoja na mtu aliyekubali kupika. Kamati ya kituo ikishindwa kununua, msikiti na kanisa haviko mbali, na sijaona mahali ambapo waliombwa mapema wakakataa.

Maji hufuata umeme. Pampu za mamlaka ya maji zikikosa umeme bomba hukauka, kwa hiyo matangi yajazwe mvua ingali mawinguni, na yafungwe kwa kamba, kwa maana tangi tupu la plastiki huruka kama mpira. Jokofu la chanjo, linalopaswa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, lisifunguliwe ovyo. Jaza vifurushi vya barafu, na amua mapema ni nani mwenye idhini ya kulifungua. Mitungi ya oksijeni ijazwe na ifungwe kwa mnyororo ukutani, spana yake ikining'inia hapo hapo. Kwa watoto njiti, mashine ya joto ikizimika, kifua cha mama kipo, na mtindo huu wa kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi hauhitaji soketi. Lakini mfundishe mama siku ya kwanza ya kulazwa, maana ukimfundisha gizani, huku bati likipiga kelele, utamwogopesha bure.

Kuna wagonjwa ambao kazi yetu kwao ni kuhakikisha hawatuhitaji wakati wa dhoruba. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, za kifua kikuu, za kisukari na za shinikizo la damu wapewe akiba ya kutosha kabla ya msimu, pamoja na mfuko wa plastiki wa kuzikinga na maji. Wajawazito waliokaribia kujifungua, hasa wenye makovu ya upasuaji na wanaotoka vijiji vya visiwani au ng'ambo ya mto, waitwe waje kulala karibu na kituo siku mbili kabla ya dhoruba. Watoa huduma ngazi ya jamii wanazijua nyumba hizo moja moja, kwa hiyo wapewe orodha na vocha ya simu. Mama anayekuja akitembea kwa miguu yake siku ya utulivu ni kazi rahisi. Mama yule yule akibebwa kwa machela usiku, mto umefurika, anaweza kuwa maiti mbili.

Lini uanze? Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zake kwa ngazi za rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ziunganishe ngazi hizo na kazi, ili pasiwepo mjadala. Sisi tulikubaliana kwamba angalizo likitoka jenereta inawashwa kwa saa moja na simu za watumishi zinahakikiwa. Tahadhari ikitoka matangi yanajazwa, wanaoweza kuruhusiwa wanaruhusiwa, vitu vyote vinainuliwa kutoka sakafuni, na majalada yanawekwa kwenye mifuko. Ikitoka nyekundu, kundi la kwanza linaingia kabla ya jua kuzama. Waulizeni pia wavuvi kuhusu maji. Dhoruba inayofika wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, bahari ikiwa imejaa, hupandisha maji mahali ambapo dhoruba ile ile wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, isingeyafikisha, na mzee wa ngalawa atakuambia saa yake bila kutazama simu.

Hidaya kilipokuja tulifuata utaratibu huo. Ardhi ilikuwa imelowa tayari kwa mvua za masika zilizozidi kiasi mwaka ule, boti za Unguja zilisimamishwa, na Jumamosi ya tarehe 4 Mei umeme wa gridi ya Taifa ulikatika sehemu kubwa ya nchi. Jenereta yetu iliwaka kwa mpigo wa kwanza. Kilichotupata sisi kilikuwa upepo, mvua na matawi ya miembe yaliyoanguka, kwa kuwa kimbunga chenyewe kilikuwa kimepungua nguvu, na wiki iliyofuata baadhi ya wenzangu walinitania kwamba niliwalaza sakafuni bure. Niliwajibu kwamba ninapenda kutaniwa kuliko kuzika.

Wanaodhani kazi huisha upepo ukitulia wautazame mji wa Beira huko Msumbiji. Kimbunga Idai kilipiga huko Machi 2019 na kuharibu hata hospitali kuu ya mji, na kabla mwezi haujaisha kipindupindu kilikuwa kimethibitishwa. Siku za mwanzo baada ya dhoruba utapokea waliokatwa na mabati na waliokanyaga misumari, kwa hiyo chanjo ya pepopunda na nyuzi za kushonea ziwe karibu. Na uwaonye watu wasiwashe jenereta ndani ya nyumba, kwa sababu moshi wake huua waliolala. Kisha huja kuhara. Dawa ya ORS, dripu na klorini ziagizwe Bohari ya Dawa mapema, na eneo la kuwatenga wagonjwa wa kuhara liwe limechaguliwa kabla, penye choo chake na mbali na kisima.

Kwa sasa, kila Jumatatu saa nne asubuhi jenereta yetu huwashwa kwa dakika 20 na anayeiwasha huandika jina lake kwenye daftari, naye huwa mtu tofauti kila wiki, wakiwemo wahudumu wa usafi. Ufunguo wa stoo una nakala tatu: moja kwa mtunza stoo, moja wodi ya wazazi, na ya tatu kwa mlinzi wa getini, katika kopo la maziwa lililotundikwa nyuma ya mlango wake.