Siku Hainitoshi na Swala Naziswali Mbio: Nifanyeje?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullah, sheikh wangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala na nauza katika duka la vitambaa Kariakoo. Tangu Alfajiri mpaka naingia kulala niko mbioni. Adhuhuri naiswali Alasiri ikiwa imekaribia, tena haraka haraka kwa sababu wateja wananisubiri. Magharibi mara nyingi inanikuta ndani ya daladala, na nikifika nyumbani Isha imeshaingia. Qur'ani sijaifungua sawasawa tangu Ramadhani. Wenzangu wananiambia nisijilaumu, kwamba hizi ni zama za mwisho na wakati umeshaondolewa baraka. Naomba kujua: swala zangu zinasihi? Naweza kuunganisha Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, ili angalau nipumue? Na nifanye nini ili siku yangu isiwe mbio tupu?

JIBU: Waalaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Dada yetu, swali lako lina mambo ya hukumu na lina jambo la maisha, na la maisha ndilo zito zaidi. Lakini tuanze na hukumu, kwa kuwa mtu hawezi kuipanga siku yake vizuri ikiwa hajui lipi analazimika nalo na lipi amejitwisha mwenyewe.

Kuhusu kusihi kwa swala, imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra kwamba mtu mmoja aliingia msikitini, akaswali, kisha akaja kumsalimia Mtume (s.a.w.), naye akamjibu salamu na kumwambia: "Rudi ukaswali, kwani hujaswali." Alirudishwa mara tatu, mpaka akaapa kwamba hajui kuswali vizuri zaidi ya vile, ndipo Mtume (s.a.w.) akamfundisha arukuu mpaka atulie, ainuke mpaka asimame sawasawa, na asujudu mpaka atulie. Kwa hadithi hii maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wakahesabu utulivu kuwa ni nguzo. Hata hivyo, kadiri ya utulivu huo ni ndogo kuliko wanavyodhani wengi: viungo vitulie mahali pake kwa muda wa kusema "Subhanallah" mara moja, kisha ndipo uhamie kwenye kitendo kinachofuata. Kwa hiyo, ikiwa unasoma sura fupi, unapunguza nyiradi na kutoka mapema, lakini mgongo unatulia katika rukuu na paji la uso linatulia katika sijida, swala yako ni sahihi. Ikiwa unayo yakini kwamba swala fulani uliinamia na kuinukia bila kutulia hata kidogo, hiyo ilipe. Lakini shaka tu inayokujia baada ya kutoa salamu usiifuate, kwani mlango huo ukiufungua hautafungika.

Kuhusu Adhuhuri, wakati wake ni mpana, tangu jua linapopinduka mpaka kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake ukiondoa kile kivuli cha adhuhuri, na anayeichelewesha ndani ya muda huo akiwa ameazimia kuiswali hana dhambi, ingawa amekosa fadhila ya mwanzo wa wakati. Ibn Masud alimuuliza Mtume (s.a.w.) ni amali gani inayopendeza zaidi kwa Allah, akajibiwa: "Swala kwa wakati wake."

Ama kuunganisha, ni kweli kwamba Ibn Abbas amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) aliwahi kuunganisha swala akiwa Madina bila ya hofu wala mvua, na Ibn Abbas alipoulizwa sababu alisema kwamba Mtume hakutaka kuutia uzito umma wake. Wapo maulamaa, miongoni mwao Ibn Sirin na Ibn al-Mundhir, walioruhusu kwa hadithi hiyo mtu aliye mjini kwake aunganishe akiwa na haja, lakini kwa sharti asilifanye jambo hilo kuwa mazoea. Wewe unaomba ruhusa ya kila siku ya kazi, na hapo sharti lao wenyewe limevunjika. Allah amesema: "Hakika swala kwa waumini ni faradhi iliyowekewa nyakati maalumu" (Annisaa: 103). Siku moja duka limevamiwa na wateja wa sikukuu na huna pa kupumua, tunaweza kuzungumza kauli ya maulamaa hao. Mwaka mzima, hapana.

Magharibi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi katika maelezo yako, kwa sababu wakati wake ni mfupi, tangu jua kuzama mpaka wekundu upotee, na katika miji yetu ya pwani muda huo ni kiasi cha saa moja na dakika chache. Jua la Dar es Salaam halihamihami sana. Mwaka mzima huzama baina ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano hivi. Maana yake ni kwamba anayepanda gari Kariakoo adhana ikiwa imekaribia, tena katika foleni ya jioni, anajua tangu kituoni kwamba huenda Magharibi ikampita, na anayejua hawezi kusema ameshtukizwa. Suluhisho lake ni kubaki hapo hapo Kariakoo, penye misikiti mingi yenye sehemu ya wanawake, ukaswali mara tu inapoingia, kisha ukapanda gari. Utachelewa kidogo, na siku nyingine hutachelewa kabisa, maana aliyeondoka kabla ya adhana na aliyeondoka baada ya swala mara nyingi hukutana kwenye foleni ile ile. Ikitokea umo ndani ya gari, wakati unakaribia kutoka na huwezi kushuka, basi swali hapo ulipo kwa namna unayoweza, kwa kuuheshimu wakati, kisha uirudie ukifika.

Wale wanaokuambia kuwa hizi ni zama za mwisho hawakubuni. Imepokewa katika hadithi kwamba Kiyama hakitasimama mpaka zama zikaribiane, mwaka uwe kama mwezi, mwezi kama wiki na wiki kama siku. Lakini tazama jambo hili. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyeishi Cairo na kufariki mwaka 852 Hijria, sawa na 1449 Miladia, alipoifafanua hadithi hiyo alisema kwamba wao katika zama zao wanaona siku zinavyokwenda mbio kwa namna ambayo haikuwa katika zama zilizowatangulia, na kwamba makusudio yake ni kuondolewa baraka katika kila kitu, hata katika wakati. Aliyasema hayo karibu miaka mia sita iliyopita, hakuna simu wala daladala, na wala hakuyatumia kama udhuru. Tafsiri yake ya Sahihi Bukhari, inayojaza majuzuu mengi, aliifanyia kazi kwa takriban robo karne. Hadithi imetueleza hali itakayokuwa, haikutusamehe kitu. Na dada yangu, chunga ulimi na hizi kauli za "siku hizi zimelaaniwa", kwani imekatazwa kuutukana wakati.

Sasa tuje kwenye maisha. Imam al-Ghazali katika Bidayat al-Hidaya, kitabu kidogo kinachojulikana sana katika darsa zetu, anasema kwamba haifai nyakati zako ziwe zimeachwa ovyo, ukajishughulisha kila wakati na litakalotokea kwa namna litakavyotokea, bali ujihesabu nafsi yako, uzipange nyiradi zako za usiku na mchana, na uupe kila wakati shughuli yake isiyovuka mpaka. Kwa njia hiyo, anasema, ndipo baraka ya nyakati inapodhihiri. Angalia alivyoifunga baraka na mpango. Wengi wetu tunaomba baraka ya wakati kwa dua huku siku yenyewe tumeiacha wazi kila anayepita aingie.

Naifikiria jioni ya mama kama wewe. Umeingia nyumbani, mkoba hujauweka chini, mboga iko jikoni haijakatwa. Simu inalia: mweka hazina wa kikoba anataka marejesho, kamati ya harusi inauliza mchango umefikia wapi, na kundi la ukoo lina ujumbe sitini kuhusu shughuli ya Jumapili. Unajibu kwa mkono mmoja huku wa pili unakoroga sufuria, na mtoto wa darasa la tatu amesimama mlangoni na daftari la hesabu, unamwambia "subiri" mara ya nne. Kikoba hakikupata jibu kamili, mtoto hakusaidiwa, mboga imeshika chini, na Isha inaadhiniwa wewe huna habari. Hakuna hata jambo moja katika hayo linalochukua muda mrefu. Lililokuchosha ni kwamba yote yalidai wakati mmoja, nawe hukulikatalia hata moja. Mwanadamu ana pupa, kama alivyosema Allah katika Surat al-Israa, na pupa haipungui kwa kuongezewa masaa.

Swahaba Salman al-Farisi alimtembelea swahaba mwenzake Abu Dardaa, akamkuta mkewe amejiacha na nyumba haina raha, kwa sababu Abu Dardaa mwenyewe anafunga mchana na kusimama usiku kucha. Akamwambia: "Hakika Mola wako ana haki juu yako, na nafsi yako ina haki juu yako, na ahali zako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake." Habari ikamfikia Mtume (s.a.w.), akasema: "Amesema kweli Salman." Ikiwa hata ibada ya sunna ilirudishwa mahali pake kwa ajili ya haki za watu wa nyumbani, basi kikao cha kamati kina nguvu gani?

Kwa hiyo chukua karatasi uandike yanayokuchukulia siku yako, kisha ujiulize kila moja lina hukumu gani. Swala tano hazijadiliwi. Watoto na usingizi wa kutosha ni haki. Walima wa ndoa uliyoalikwa una uzito katika sheria, na asiye na udhuru anatakiwa aitikie. Lakini kicheni pati, sare mpya ya kila sherehe na vikao vya kuipanga hiyo sherehe si faradhi wala si sunna, na kuomba radhi kwa adabu hakuvunji undugu. Msibani, taazia ya mara moja inatosha. Hukulazimishwa kushinda siku zote na kuosha masufuria ndipo ihesabiwe umefika. Najua hili litawaudhi baadhi ya mashangazi, nami nakuombea subira nao.

Yatakayobaki yapange kwa swala, kwa maana sisi watu wa pwani tangu hapo tunaahidiana baada ya Alasiri na kabla ya Magharibi. Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake, na aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zao za mapema, mambo haya mawili ni mamoja, kwani aliyekesha na simu mpaka saa sita ya usiku hana asubuhi. Sare za shule zipigwe pasi na maharage yalowekwe kabla ya Isha, simu ijibiwe baada ya watoto kulala kwa muda unaojulikana kisha izimwe. Qur'ani iwe nusu ukurasa tu baada ya Alfajiri kabla hujainuka kwenye msala, kwani amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni inayodumu hata ikiwa ni chache.

Zungumza pia na tajiri wako. Mafakihi wameeleza kwamba wakati wa twahara na swala ya faradhi haumo katika kazi ambayo mtu ameajiriwa, kwa hiyo kumuomba robo saa baada ya Adhuhuri kuingia si kuomba hisani. Nawe kwa upande wako saa zake nyingine usimpunje kwa kupiga gumzo kwenye simu mteja akiwa mbele yako.

Hukumtaja mumeo. Ikiwa yupo, mpe asome hapa: Bi Aisha aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika kazi za ahali zake, na swala ilipofika alitoka kwenda kuswali. Mwanamume anayekaa sebuleni akisubiri chakula huku mkewe aliyetoka kazini kama yeye anahangaika peke yake, hana sunna ya kujivunia katika hilo.

Usiyaanze yote kwa siku moja. Anza na Magharibi ya Kariakoo wiki hii, Adhuhuri ifuate ukishazungumza na tajiri, na karatasi ya shughuli iandikwe Ijumaa ukiwa umetulia. Ama zile Magharibi ulizoziswali nyumbani baada ya wakati wake kutoka, zimehesabika kuwa ni kadha na huna haja ya kuzirudia. Lililobaki juu yako ni kuomba maghufira kwa kuzichelewesha na kuazimia kutorudia. Wallahu aalam.