Kabla hujanunua ng'ombe, tafuta mzee wa zizi

Juzi nilirusha picha ya maksai wangu tisa, yaani madume waliohasiwa, wakipakiwa kwenye Fuso kwenda mnada wa Pugu. Usiku huohuo dada mmoja akaniandikia: "Kaka, nina mtaji kidogo na eka 60 za urithi. Nataka ng'ombe wa nyama. Nianze na mbegu gani?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba mbegu si swali la kwanza. Jibu refu ndilo hili, maana najua mko wengi mnaopiga hesabu hiyohiyo kwenye daftari.

Na mimi nilianza na daftari. Mwaka 2019, nikiwa na stashahada ya mifugo ukutani na akiba ya miaka sita, nilinunua ng'ombe 34 mnadani Dodoma nikawashusha Handeni. Haikuisha miezi miwili nikawa nimefukia 13.

Acha niliseme vizuri, kwa sababu bado linaniuma. Ng'ombe wa Dodoma amekulia kwenye ukame, kupe hawajui sana. Ukimleta kwenye nyasi ndefu na unyevu wa Handeni, ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, inamkuta hana kinga yoyote. Chanjo ipo, huchomwa mara moja tu karibu na sikio, ila lazima itangulie safari kwa wiki kadhaa. Hayo yote nilifundishwa, na kwenye mtihani niliyajibu. Lakini nilikuwa na haraka. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kuua kupe nilinunua ya bei poa, kwa mtu ambaye leo sipokei simu yake, na wachunga wangu walikuwa vijana wawili niliowapata stendi. (Nasema mchunga, mchungaji yuko kanisani.) Shemeji aliyeweka hela yake aliitaka yote irudi wiki hiyohiyo. Kwenye kundi la ukoo wakanibatiza Bwana Ranchi. Wapo wanaoniita hivyo mpaka leo, ila sasa wanaliita wakitaka nyama ya Krismasi.

Aliyeniokoa ni babu mmoja aliyekuja kumsalimia jirani yangu. Ujana wake wote aliumalizia ranchi ya Kongwa, kwenye ardhi ileile ambayo Waingereza walikuja na matrekta kulima karanga mwaka 1947, wakashindwa, na kufikia 1951 mpango ukawa umekufa. Alisimama mlangoni mwa zizi kimya, kama dakika kumi. Mimi namweleza dozi, yeye anaangalia masikio. Kisha akaenda moja kwa moja kwa mtamba mwekundu, jike ambaye hajazaa bado, ambaye kwangu alikuwa mzima kabisa, akapitisha vidole chini ya sikio.

"Bwana mdogo, shika hapa."

Nikashika. Tezi imevimba, kubwa kama ndimu. Kipimajoto kikasoma 41. Tulimchoma dawa jioni ileile na akapona. Maksai wawili kati ya wale tisa wa juzi ni watoto wake.

Nilimwomba babu abaki mwezi mmoja. Yupo mpaka leo.

Cha kwanza kilichonishangaza: hahesabu ng'ombe. Jioni anasimama langoni, fimbo kaikingamisha njiani, anawapitisha wawili wawili, midomo inachezacheza. Siku moja aliinua kichwa akasema, "Yule mweusi wa paji jeupe hayupo." Mimi nilikuwa nimeshahesabu nikaridhika, kumbe ndama wa jirani alijichanganya, idadi ikatimia. Na ukimuuliza mbele za watu ana ng'ombe wangapi, anakujibu, "Wapo." Wazee wa kazi hii hawataji idadi ya mifugo hadharani. Nilidhani ni ushirikina, sasa hata mimi siitaji. Mmeona nimewaambia niliowanunua mwanzo, waliokufa na waliouzwa tu.

Asubuhi hafungui zizi mpaka umande ukauke. Chuoni tuliambiwa sababu: viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye majani yenye maji. Yeye anasema tu nyasi bado hazijaamka. Usiku analala hatua chache kutoka kwenye miiba ya zizi, na kinachomwamsha ni ukimya. Ng'ombe wakiwa salama utawasikia wakicheua na kupumua kwa nguvu. Wakinyamaza wote kwa pamoja, babu ameshashika tochi. Mara mbili ilikuwa fisi. Mara moja walikuwa watu.

Sasa nisikilizeni, hasa nyie mliosoma kama mimi. Tafuta mzee kabla ya kutafuta ng'ombe. Nenda naye mnadani, mwache afungue midomo ya ng'ombe ahesabu meno, wewe shika hela. Akisema usinunue, usinunue. Mlipe mshahara wa kweli, si debe la unga na shati kuukuu. Ninyi mnamlipa meneja mwenye kompyuta mpakato mara nne ya anayelala na mali yenu, halafu mnashangaa mali inapungua! Wazee hawa wanarudi vijijini mmoja mmoja, wengine hawana hata kiinua mgongo, na yote wanayoyajua wanaondoka nayo. Mtafute mzee. Nimeshasema, na nitarudia kwenye kila makala mpaka mnichoke.

Dada wa eka 60, mtaji wako uache benki kwanza. Njoo ulale hapa kwangu siku tatu. Babu hafundishi kwa maneno, utamfuata tu nyuma. Leta gambuti na tochi yenye betri mpya, na tumbaku ya kunusa usisahau.